Nani Ameshika Saa?

(Mazungumzo ya juma hili, kama yalivyosomwa redioni)



Jumapili ya tarehe 28 Septemba 2025 nilikuwa nyumbani Chidya kumsalimu mjomba wangu, kaka yake mama. Sisi watu wa Masasi na Newala tunajua uzito wa neno hilo. Mjomba hasalimiwi kwa simu. Unamfuata alipo, unakaa chini, unasikiliza anachotaka kukuambia, na mara nyingi anachotaka kukuambia ni kosa lako.

Mjomba wangu ni fundi baiskeli. Karakana yake ni kivuli cha mkorosho, sanduku la spana, beseni la maji la kutafutia pancha, na benchi la wateja. Siku hiyo kijana mmoja aliyeleta tairi kuzibwa alikuwa na simu yenye kioo kikubwa, na ndani ya simu hiyo tukaona mbio za baiskeli za ubingwa wa dunia, zikikimbizwa saa ile ile mjini Kigali, Rwanda. Ilikuwa mara ya kwanza mashindano hayo kufanyika katika bara la Afrika. Tukaizunguka simu, wateja wote, na mjomba akavaa miwani.

"Hawa wamebeba nini?" akauliza.

"Hawabebi kitu, mjomba. Chupa ya maji tu."

"Na yule aliyesimama pembeni?"

"Ameacha mbio. Mlima umemshinda."

Mjomba akaisogeza simu karibu na macho. "Mlima umemshinda, na hana hata gunia moja la korosho?"

Watu wakacheka sana. Lakini kicheko kilipokwisha aliniangalia mimi, akasema, "Mpwa wangu, yule kijana muuza maji aliyeshinda siku ile ya Sabasaba, alitumia muda gani kupanda?"

Nilinyamaza. Kwa nini nilinyamaza, nitawaambieni baadaye. Kwanza tuzungumze habari za mbio hizo, maana swali la mjomba limekaa katikati yake.

Waliokuwa wakianguka na kuacha njiani siku ile hawakuwa watu dhaifu. Walikuwa miongoni mwa waendesha baiskeli bora wa dunia. Njia ilikuwa na kilomita 267 na nusu, na mipando yake yote ukiijumlisha inafikia mita 5,475. Mlima Kilimanjaro una mita 5,895. Ni kama kutoka ufukweni pale Mtwara ukapanda kwa baiskeli mpaka karibu na kilele cha Kilimanjaro, kwa siku moja. Walianza watu 165, wakamaliza 30. Mshindi alikuwa Tadej Pogačar wa Slovenia, ambaye alianza kuwatoroka wenzake zikiwa zimebaki kilomita mia moja na ushei.

Rwanda haikupewa mashindano hayo kwa bahati nasibu. Nchi ile ina mbio zake inazoziita Tour du Rwanda, zilizoanza mwaka 1988. Zilikatizwa na vita na mauaji ya kimbari, zikarudi, na mwaka 2009 zikaingia katika kalenda ya chama cha baiskeli cha dunia, UCI. Siku hizi hukimbizwa kwa hatua nane, kila siku hatua moja, kutoka mji hadi mji. Watu husimama kando ya barabara kuanzia Huye hadi Musanze na Rubavu, wengine juu ya miti, watoto na sare zao za shule, akina mama na watoto mgongoni. Hakuna kiingilio. Mchezo wenyewe unawapitia mlangoni.

Huenda baadhi yenu hamjui mbio za hatua zinavyokwenda, basi niwaeleze kidogo. Hashindi lazima yule anayetangulia kufika siku moja. Muda wa kila mtu huandikwa kila siku, na siku zote zikijumlishwa, mwenye muda mdogo kuliko wote ndiye mshindi. Leo unaweza kupoteza dakika mbili kwa pancha, kesho ukazirudisha mlimani. Anayeongoza kwa muda huvaa fulana ya manjano ili watu wamtambue. Mtu anaweza kushinda mbio nzima bila kutangulia kufika hata siku moja, kwa kuwa hakuchelewa sana siku yoyote. Kwa hiyo kitu cha kwanza katika mbio hizi si baiskeli ya bei kubwa. Ni saa. Asiposhika mtu saa na kuandika, hakuna mbio. Kuna watu tu wanaopita barabarani.

Jambo la pili ni kwamba baiskeli ni mchezo wa kundi, ingawa anayepanda jukwaani ni mmoja. Upepo ndio adui. Anayejificha nyuma ya mgongo wa mwenzake kwenye tambarare anaokoa nguvu nyingi. Kwa hiyo kila timu ina nahodha wake, na wengine hukata upepo kwa ajili yake, na hurudi nyuma kwenye gari kumchukulia chupa za maji na kumpelekea mbele. Wafaransa wana jina la watu hao. Huwaita wachukuzi wa maji.

Mjomba alipoyasikia hayo alitikisa kichwa. Nanyi mnaosikiliza kutoka Newala na Tandahimba bila shaka mmeelewa kwa nini. Nyanda zetu za juu za Makonde ni mchanga; mvua inanyesha na kuzama, na juu kule mito haikai. Mababu zetu walijenga juu, na bibi zetu walishuka genge kufuata maji bondeni na kupanda nayo kichwani. Ilipokuja baiskeli, vijana wakafunga madumu kwenye kerea, mawili huku, mawili kule, na mlima ukawa kazi yao ya kila siku. Uchukuzi wa maji sisi tumeufanya bila fulana na bila jukwaa.

Hebu sasa nikupelekeni mbali, Amerika ya Kusini, katika nchi ya Kolombia, kwa sababu Rwanda ina kaka yake mkubwa kule. Kolombia imepasuliwa na milima ya Andes, safu tatu. Mwaka 1950 watu wachache walitaka kuanzisha mbio za baiskeli za kuizunguka nchi. Wakaambiwa ni wazimu, barabara ni matope na mawe, mtu hawezi kupita. Kijana mmoja aitwaye Efraín Forero, kutoka mji wa Zipaquirá, akasema atajaribu. Akapanda mlima wa Letras, ambao kutoka Mariquita bondeni hadi kileleni ni kilomita 80 hivi za kupanda, hadi mita zaidi ya 3,600, akateremkia Manizales. Basi maneno yakaisha. Januari 1951 mbio za kwanza zikakimbizwa kwa hatua kumi, gazeti la El Tiempo likiwa mdhamini. Walianza watu 35 tu. Mshindi akawa Forero yule yule.

Ndugu wasikilizaji, wakati huo Kolombia ilikuwa inauana. Vyama viwili vya siasa vilikuwa vimegawa nchi hadi vijijini, na maelfu wamekwisha kufa. Watu wa mkoa mmoja waliogopa kupita mkoa mwingine. Lakini baiskeli zilipita. Sidai kwamba baiskeli zilileta amani, hazikuleta. Ninachosema ni kwamba mkulima wa kahawa aliyekaa na redio yake mlimani alisikia majina ya miji ambayo hajawahi kuiona, mmoja baada ya mwingine, ikitajwa katika habari moja isiyo ya maiti.

Na waliotaja miji hiyo ni watangazaji wa redio. Maarufu kuliko wote alikuwa Carlos Arturo Rueda. Televisheni ilikuwa bado haijaanza kule. Watangazaji walifuata kwa magari katika vumbi, wakahesabu dakika, wakawapa wakimbiaji majina ya utani, na nchi nzima ikasimama kusikiliza. Miaka minne baadaye, 1955, mwandishi kijana wa gazeti la El Espectador alikaa na bingwa wa mbio zile, Ramón Hoyos, akamwuliza habari za maisha yake tangu utoto na kuziandika kwa mfululizo gazetini. Mwandishi huyo ni Gabriel García Márquez, ambaye mwaka 1982 alipata Tuzo ya Nobel. Mtu wa kalamu ile hakuona aibu kuuliza mpanda baiskeli alizaliwa wapi na mama yake alipika nini. Mnikumbushe hilo tutakapofika kwenye kosa langu.

Kutoka hapo mambo yalikwenda hatua kwa hatua, kama mbio zenyewe. Mwaka 1984 Luis Herrera, ambaye walimwita Mtunza Bustani Mdogo kwa sababu ndiyo iliyokuwa kazi yake, aliwashinda wazungu katika mlima wa Alpe d'Huez kule Ufaransa. Mwaka 1987 akashinda mbio kubwa za Hispania. Nairo Quintana, mtoto wa wakulima wa Boyacá, alikwenda shule kwa baiskeli, kilomita 16 hivi, na kurudi nyumbani kulikuwa ni kupanda. Mwaka 2014 akashinda mbio za Italia. Mwaka 2019 Egan Bernal akashinda Tour de France, Mkolombia wa kwanza. Naye alikulia Zipaquirá, mji ule ule wa Forero. Kutoka Forero hadi Bernal ni miaka 68 ya watu kushika saa.

Sasa wako wanaosema, ah, hao ni watu wa milimani, damu yao imezoea hewa nyepesi. Ni kweli kwa sehemu. Anayeishi juu sana mwili wake hujizoeza kutumia hewa kidogo. Lakini milima ya Rwanda ilikuwepo tangu enzi. Kabla ya nchi ile kuingia katika mbio za kimataifa, vijana wake walikuwa wanapakia ndizi, viazi na abiria kwenye baiskeli, wengine kwenye baiskeli za miti, na dunia haikuwajua. Baada ya mwaka 2009 mambo yalibadilika. Mwaka 2012 Adrien Niyonshuti alibeba bendera ya Rwanda katika Olimpiki ya London. Mwaka 2014 Valens Ndayisenga akashinda Tour du Rwanda, Mnyarwanda wa kwanza kushinda tangu ziwe za kimataifa. Mwaka 2015 Jean Bosco Nsengimana, 2016 Ndayisenga tena, 2017 Joseph Areruya, 2018 Samuel Mugisha. Miaka mitano mfululizo.

Halafu? Mwaka 2019 mbio zikapandishwa daraja, zikaja timu zenye nguvu zaidi, na kuanzia hapo hadi 2025 hakuna Mnyarwanda aliyeshinda. Waeritrea wameshinda, Mwingereza ameshinda, Mfaransa ameshinda. Milima ni ile ile. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba mlima peke yake hutoa bingwa. Waeritrea wenyewe wana mbio zao tangu mwaka 1946, na matunda yao tumeyaona mwaka 2024, Biniam Girmay aliposhinda hatua tatu za Tour de France na kurudi na fulana ya kijani.

Majirani zetu Kenya nao wana somo lao. Chris Froome alizaliwa Nairobi, akafundishwa baiskeli kule Kikuyu na Mkenya David Kinjah, na mwaka 2006 aliivalia Kenya katika Michezo ya Jumuiya ya Madola. Mwaka 2008 akahamia leseni ya Uingereza. Halafu akashinda Tour de France mara nne: 2013, 2015, 2016 na 2017. Mlima ulikuwa wa Kenya na mwalimu alikuwa wa Kenya, lakini saa ilishikwa na wengine, na bendera iliyopandishwa ilikuwa ya wengine.

Nisiwafiche pia upande wa pili. Mashindano ya Kigali hayakupita bila manung'uniko. Mwanzoni mwa mwaka 2025 mji wa Goma ulitekwa na waasi wa M23, na Kongo ikaituhumu Rwanda kuwaunga mkono. Zilisikika sauti, hata katika Bunge la Ulaya, zilizotaka Kigali inyang'anywe mashindano. Serikali yoyote inayoandaa michezo mikubwa inataka pia kujipamba kwa wageni. Na Goma ile ile, ng'ambo tu ya mpaka kutoka Rubavu, ndiyo mji wa chukudu, baiskeli za mti ambazo vijana husukuma nazo magunia ya viazi na mkaa kutwa nzima. Nilipoona fulana za rangi rangi zikipita Kigali niliwakumbuka nao. Baiskeli haina dhambi, lakini wanaoipanda jukwaani wanaweza kuwa nazo. Tuujue ukweli huo tunapotamani ya wenzetu.

Sasa nirudi Chidya, kwenye swali la mjomba.

Mwaka 2007 nilikuwa nimetoka chuoni na stashahada yangu ya uandishi wa habari bado inanukia wino. Siku ya Sabasaba wafanyabiashara wachache wa korosho walichanga fedha wakaandaa mbio za baiskeli, kutoka chini ya mlima wa kupandia nyanda za juu hadi sokoni Newala. Zawadi ya kwanza ilikuwa tairi mbili mpya na mipira yake, na shilingi elfu ishirini. Kituo nilichokuwa nafanyia kazi wakati huo kikanituma. Nilipanda nyuma ya gari la waandaaji, na kinasa sauti changu kifuani kama mtoto mchanga.

Walianza vijana kama arobaini. Kulikuwa na baiskeli mpya za kung'aa na kulikuwa na Phoenix za zamani. Mmoja alikuja na Phoenix yenye kerea, na kamba za mpira za kufungia madumu bado zinaning'inia. Alikuwa ameshauza maji trip moja alfajiri. Watu wakamcheka. Mlima ulipoanza, wenye baiskeli za kung'aa wakaanza kushuka mmoja mmoja na kusukuma. Yeye hakushuka. Alikuwa ameinama juu ya usukani, mwendo mmoja, bila haraka, kama mtu anayekwenda kazini. Na kweli, alikuwa njia yake ya kazini, ila siku hiyo bila mzigo. Alifika sokoni peke yake. Tulimsubirisha wa pili muda mrefu hata watu wakaanza kununua miwa.

Muda gani? Sijui. Hakuna aliyejua. Mimi nilikuwa na saa mkononi, saa yangu ya kwanza ya kununua kwa mshahara, na sikuitazama.

Jioni niliandika habari. Naikumbuka yote, maana haikuwa ndefu. Nilisema mashindano ya baiskeli yalifana sana, na washindi walikabidhiwa zawadi na mgeni rasmi. Nikamtaja mgeni rasmi kwa jina lake lote na cheo chake chote, na wito wake kwa vijana waache kukaa vijiweni. Kisha zikafuata habari za Simba na Yanga.

Miaka miwili baadaye yule kijana alinifuata. Alikuwa amevaa shati la kanisani. Alisema amesikia kuna watu wa klabu ya baiskeli wanatafuta vijana, lakini wanataka mtu aonyeshe amewahi kushinda wapi na kwa muda gani. "Ndugu mwandishi," akaniambia, "wewe ulikuwepo. Niandikie hata karatasi."

Nikafungua daftari langu la zamani. Nikakuta jina la mgeni rasmi na mistari sita ya hotuba yake. Kuhusu mshindi niliandika maneno matatu: kijana muuza maji. Hapakuwa na jina wala muda. Na kwa aibu sikuthubutu hata kumwuliza pale pale anaitwa nani, kwa sababu angejua kwamba sikuwahi kumwuliza. Nilimnunulia soda. Akanywa, akashukuru, akaondoka. Mjomba anasema sasa anaendesha pikipiki ya mtu mwingine huko Tandahimba.

Sidai kwamba angekuwa Quintana. Huenda asingefika popote, wengi hawafiki. Lakini alikuwa na haki ya kupimwa. Mtu aliyepimwa akashindwa anajua ameshindwa kwa dakika ngapi, na anaweza kurudi kesho kuzitafuta. Mtu asiyepimwa hana la kurudia. Ndiyo maana nilinyamaza mjomba aliponiuliza.

Sasa tufanye nini? Siombi Serikali ilete mashindano ya dunia Masasi. Wala siombi baiskeli za mamilioni. Nchi hii ina chama chake cha baiskeli, na Kanda ya Ziwa, Mwanza na Shinyanga, wana mbio za miaka mingi. Wasukuma wanaujua mchezo huu kuliko sisi. Ninachosema kinahusu hapa kwetu, na ni kidogo. Tuchague mlima mmoja. Tuweke alama chini na alama juu, tupime umbali. Siku moja kwa mwezi, alfajiri kabla magari hayajazidi, kijana yeyote mwenye baiskeli ya aina yoyote apande, na mtu mwaminifu aandike jina, kijiji, tarehe na muda. Daftari likae mahali panapojulikana. Mwaka ukiisha tutajua nani ni nani. Leo simu ya kila kijana ina saa inayohesabu hata sehemu ya sekunde. Kisingizio kimekwisha.

Vijana wa sekondari, nikianza na wa Chidya, wanafundishwa hesabu za mwendo na muda, gari limetoka mji huu na jingine mji ule. Waje wapige hesabu ya kitu kinachotoka jasho. Na wasichana wasiambiwe wasimame pembeni kupiga makofi. Mwaka 2015 Mnyarwanda Jeanne d'Arc Girubuntu alishiriki mashindano ya dunia kule Richmond, Marekani. Huku kwetu wanawake ndio waliopanda mlima na maji kichwani kabla ya baiskeli kujulikana. Nani atawafundisha kupanda?

Nasikia mtu anasema, baiskeli imepitwa na wakati, sasa ni bodaboda. Sawa. Lakini pikipiki nyingi zinazopita hapa si za wanaoziendesha. Jioni lazima hesabu ya mwenye mali ifike. Phoenix ni ya mwenyewe, na haidai petroli. Mwingine anasema barabara zetu ni za hatari. Huyo ana haki, na ndiyo maana nimesema alfajiri, na nimesema kupanda, siyo kuteremka. Katika kupanda mtu hufa kwa kuchoka tu, na kuchoka kunapona.

Na siku moja, barabara ya kutoka Mtwara kupitia Tandahimba na Newala hadi Masasi itakapokwisha lami tuliyoisubiri miaka mingi, mtazame ramani. Siku ya kwanza, Mtwara hadi Tandahimba. Ya pili, Tandahimba hadi Newala, watu wamejaa pale Shimo la Mungu wakitazama bonde la Ruvuma. Ya tatu, kuteremka hadi Masasi. Ya nne, kupitia Ndanda hadi Mnazi Mmoja, na ya tano kurudi baharini. Nyanda zetu hazifiki hata mita 1,000, hatuwezi kushindana na Letras. Lakini Forero naye hakungoja lami. Alianza na mlima mmoja na gari moja nyuma yake.

Nilipoaga jioni ile nilimwuliza mjomba kama kwa bahati analijua jina la yule kijana. Alikuwa anafunga sanduku lake la spana. "Jina lake ninalo," akasema. "La baba yake ninalo, na la mjomba wake ninalo. Wewe hukuuliza." Akanitajia. Nisingependa kulitangaza bila ruhusa yake, lakini nimeliandika, miaka kumi na minane baada ya siku yenyewe, katika ukurasa wa kwanza wa daftari jipya. Mahali pa muda nimeacha wazi.

Sabasaba ijayo mjomba atasimama chini ya mlima na mimi nitasimama juu. Tutalinganisha saa zetu kwa mlio wa redio kabla ya taarifa ya habari, maana kwa jambo hilo redio haijawahi kumdanganya mtu. Mgeni rasmi hatuna. Mwenye baiskeli aje nayo, na akitaka asifungue kerea.

Kwa leo ni hayo. Hadi juma lijalo, kwaherini.